Fundo Chini ya Meza ya Nne

1

Yusta Ngailo aliitambua punje ile kwa ulimi.

Ijumaa iliyopita, kwa kuchoshwa na kazi isiyomchosha, aliing'ata punje moja ya mahindi kisha akairudisha siniani kimyakimya. Si tabia ya mkaguzi wa nafaka, na mama yake angemchapa kwa mwiko. Sasa ilikuwa Jumanne. Vidole vyake vilikuwa vikipita juu ya mahindi mapya, au yale aliyoambiwa ni mapya, vikakwama. Akaiokota punje, akaigeuza, akaitia mdomoni. Vishimo viwili, na kati yake kijiukuta chembamba. Yusta ana mwanya kwenye meno ya mbele, mwanya ambao mashangazi zake wote wamewahi kuusifia kabla ya kuuliza ataolewa lini, na mwanya huo ulikuwa umepigwa chapa juu ya punje ile.

Akaitoa mdomoni, akaishika kiganjani kwa muda mrefu.

Maghala Tegemeo ya Makambako yalipitisha tani elfu mbili kwa siku. Mahindi aliyoyakagua Ijumaa yalipaswa kuwa yameshasagwa, yameshasongwa, yameshaliwa, na walioyala wameshalalamika kwamba mboga ilikuwa haba. Hayakuwa na sababu yoyote ya kurudi kumsalimia.

"Dada Sijali," aliita.

"Unasemaje, mdogo wangu?" Sijali alikuwa mama wa miaka hamsini, mwenye kandambili zinazolia kama bata, na kazi yake ilikuwa kuleta sinia la mahindi kwenye Meza ya Nne, kuliondoa, na kuleta chai katikati.

"Haya mahindi yametoka wapi?"

"Ghalani."

"Ghala lipi?"

"He! Ghala ni ghala. Kunywa chai, inapoa."

Sijali akiulizwa hali ya hewa huweza kujibu nusu saa, akianzia na mvua za mwaka aliozaliwa. Jibu la neno moja kutoka kwake lilimtia Yusta wasiwasi kuliko ile punje. Kandambili zilipokwenda mbali, alikata kifungo cha mwisho cha sweta lake, akakizamisha katikati ya sinia, kisha akabonyeza kitufe cha kulia kama kawaida.

Meza ilikuwa na vitufe vitatu. Cha kulia safi, cha kati wastani, cha kushoto chafu. Ukibonyeza, sauti tamu ya kike ilisema, "Asante, Mkaguzi." Miezi kumi na moja Yusta alikuwa akishukuriwa na sauti ile mara arobaini kwa siku, na ukweli usifichwe, ilikuwa ikimpendeza.

Jumatano asubuhi kifungo kilirudi. Kilikuwa chini ya sinia, na uzi wake bado unaning'inia.

Yusta hakupiga kelele. Aliinama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu, akaushika waya uliotoka kwenye vitufe, akaufuata kwa vidole vinane. Vilikuwa vinane kwa sababu viwili vya mkono wa kushoto, kidole cha mwisho na jirani yake, vilikwisha kujifunga mwaka uliopita na havifunguki tena. Waya ulishuka kwenye mguu wa meza, ukapita kwenye tundu la ubao, ukatokea upande wa pili, ukafika mwisho. Haukuchomekwa popote. Ulikuwa umefungwa fundo, fundo zuri la kukazwa na mtu makini, ili usining'inie ukamkwaza mpita njia.

Alikaa pale chini amelishika fundo lile. Alitamani kulitukana.

2

Nchi ilikuwa imemaliza upofu miaka ishirini kabla ya hapo. Ndivyo walivyotangaza, na kwa kweli hawakusema uongo mkubwa. Nyuzi nyembamba kuliko unywele zilipandikizwa nyuma ya jicho, zikachukua picha na kuipeleka ubongoni, na wasioona wakaona. Fimbo nyeupe zikaacha kutengenezwa. Vitabu vya nukta nundu, kwa kuwa karatasi zake ni ngumu na hazinywi mafuta, vikaishia kwa wauza vitumbua. Milango ya ofisi ikawekwa vioo vinavyosema, "Tazama hapa uthibitishwe," na asiyeweza kutazama akabaki nje na bahasha yake.

Yusta alibaki nje. Alikuwa na ugonjwa wenye jina refu la kitabibu, ambao nyumbani kwao waliuita Kigandisho, na nchi nzima waliokuwa nao ni watu kumi na wawili. Kigandisho kilimla macho akiwa na miaka kumi na tisa, kisha kikaanza kumkaza misuli kutoka ncha za vidole kuja ndani. Madaktari walimpandikiza nyuzi mara mbili. Mwili wake ulizila zote mbili kabla mwezi haujaisha. Daktari akaandika kwenye faili: hafai kupandikizwa. Ofisi za ajira zikasoma neno la kwanza, zikafunga faili.

Alikuwa na stashahada ya usindikaji nafaka, ya daraja la kwanza, aliyoipata akiwa tayari haoni. Hakuna aliyeiuliza. Kwenye usaili mmoja waliuliza kama anaimba. "Vipofu wa zamani walikuwa na sauti nzuri sana," alisema yule mtu, na alisema kwa wema. Yusta akamjibu kwamba akiimba yeye, mbwa wa jirani hujitokeza kumtetea aliyekabwa. Hakuitwa tena.

Na kazi haikuwa jambo la heshima peke yake. Kigandisho kilizuiwa kwa sindano ya kila Jumatatu, iliyopikwa kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, na sindano hiyo ililipiwa na bima ya Kadi ya Kazi. Usipokuwa na kadi, ulipewa vidonge vya maumivu na pole. Mwaka uliopita, alipokaa bila ajira, alikosa Jumatatu nne. Ndizo zilizochukua vile vidole viwili.

Kwa hiyo alipoingia ofisini kwa Hezroni Kyando mchana ule wa Jumatano, alijua anacheza na nini. Kyando alikuwa Afisa Nafasi wa Maghala Tegemeo. Kwa Sheria ya Nafasi, kila kampuni inayotumia mashine ilitakiwa kuajiri idadi fulani ya watu ambao mashine na dunia zimewasahau, na Kyando ndiye aliyewatafuta.

"Kamwene, dada Yusta," alisema, akamvutia kiti. "Hujambo? Vidole vinaendeleaje na baridi hii?"

"Sijambo. Bwana Kyando, waya wa meza yangu umefungwa fundo."

Nje, upepo wa Makambako ulikuwa ukipiga mabati.

"Nani kakuambia?"

"Fundo lenyewe. Na mahindi ninayokagua ni yaleyale. Nimeyang'ata, nimeyatilia kifungo, yanarudi tu kama mkwe asiye na haya."

Kyando akashusha pumzi. Kilichomuudhi Yusta zaidi ni kwamba mtu yule hakujitetea kama mwizi. Alieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Mashine iitwayo Jicho, iliyokaa juu ya mkanda wa mahindi, ilimulika punje milioni nne kwa dakika kwa mwanga wa zambarau. Punje yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoua ini, humeremeta chini ya mwanga huo, na pumzi ya hewa huipuliza nje ya mkanda. Mwanadamu aingie wapi hapo? Akigusa atachelewesha. Lakini sheria ilitaka watu thelathini na wawili, na watu thelathini na wawili walihitaji kadi.

"Kwenye orodha ya serikali wewe ni Mkaguzi Daraja la Pili. Jina lako na dole gumba lako nimeviingiza mpaka kwenye Jicho lenyewe, ili wakija kuchungulia wakukute. Sindano unapata. Kampuni inapata leseni. Nani kaumia?"

"Mimi."

"Umeumia wapi, dada yangu?"

Yusta angesema nini? Kwamba kila jioni alipotoka pale alitembea ameinua kichwa? Kwamba aliwahi kumwambia mjomba wake, mbele ya watu, "Ugali unaokula umepita mikononi mwangu"? Miezi kumi na moja alivishwa kilemba cha ukoka, na yeye akawa anakiweka vizuri kisianguke.

"Kwa hiyo nimekuwa nikichakura mahindi kama kuku," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Kuku angalau hula."

"Dada Yusta." Sauti ya Kyando ilishuka. "Nimezunguka ofisi sita kuitafuta nafasi hii. Watu wanaotafutiwa ni wengi, wewe nilikuweka wa kwanza kwa sababu ya hivyo vidole. Hili fundo nimelifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, usije ukajikwaa. Rudi mezani. Nakuomba."

Akarudi. Hilo ndilo lililomkera hata akashindwa kula jioni ile: kwamba alirudi, akakaa, akabonyeza kitufe cha kulia, na ile sauti ikamshukuru.

3

Alhamisi Sijali hakuweza kuvumilia. Aliweka chai mezani, akavuta kiti, akaketi, jambo lisiloruhusiwa.

"Mdogo wangu, nuna, lakini ninunie nikijua unaninunia nini."

"Gunia la hayo mahindi yangu liko wapi?"

"Stoo, nyuma ya mafagio. Moja tu. Najaza sinia, narudisha, najaza. Nikikuta punje zimechakaa sana naongeza kidogo." Akasogeza kikombe cha chai karibu na Yusta. "Nilidhani unajua. Halafu nikajua hujui. Halafu nikaona unavyofurahi, nikasema, Sijali, funga mdomo wako. Na unavyonijua, kufunga mdomo ni msalaba."

Yusta hakutaka kucheka, akacheka. Kisha machozi yakamtoka na hayo pia hakuyataka.

"Niletee ya kweli," alisema. "Sinia moja tu, kutoka kwenye mkanda. Hata kama waya hauendi popote. Nataka nishike mahindi ambayo kuna mtu atayala."

Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, Sijali aliweka sinia mezani, na kandambili zake zilisimama palepale badala ya kuondoka.

Yusta alitia mikono yote miwili. Baridi ilikuwa kali na vidole vilikuwa vizito, ikamlazimu avisugue kwanza. Punje zilikuwa kubwa, zimejaa, za sawasawa. Zilimtoka vidoleni. Akazishika tena, zikateleza tena.

Punje safi haitelezi hivyo.

Watu hudhani asiyeona amelipwa fidia ya masikio ya popo na vidole vya malaika. Yusta alikwisha kuchoka kuwakanusha. Alichokijua kuhusu mahindi hakukipewa na upofu. Alikipata kwenye mashine ya kusaga ya mama yake huko Wanging'ombe, akiwa na macho yake mawili, akipanga foleni ya ndoo za watu tangu ana miaka saba. Na pale mashineni kulikuwa na desturi moja ambayo hata mchungaji hakusamehewa: hakuna gunia lililomiminwa kabla mwenye gunia hajachota gao, kiganja kimoja tele, kutoka chini kabisa, si juu, akatafuna mbele ya foleni nzima na kumeza. "Tafuna," mama alisema, na mtu alitafuna. Aliyeanza kueleza badala ya kutafuna alibeba gunia lake akaondoka. Desturi hiyo ilianza mwaka wa mvua nyingi, wafanyabiashara walipoosha mahindi yaliyovunda kwa maji ya majivu wakayapaka mafuta ili yang'ae. Kijiji kilizika watu tisa.

Yusta alitumbukiza mkono chini ya sinia, akachota, akatafuna.

Juu kulikuwa na utelezi, na harufu hafifu kama ya mshumaa. Meno yalipovunja punje, kiini kilikuwa laini, kikapondeka badala ya kukatika, na uchungu ukapanda kwenye ulimi wote. Akatema kwenye kikombe cha chai.

"Nini?" Sijali aliuliza.

"Yamepakwa nta. Nta inafunika ule mng'ao, Jicho linamulika halioni kitu, linapitisha. Dada, haya yanakwenda wapi?"

"Mabehewa kumi na manne. Shule za bweni, kule kwenye ukame. Treni inaondoka saa sita."

Yusta akabonyeza kitufe cha kushoto.

"Asante, Mkaguzi," sauti ilisema.

Akakibonyeza tena. Akakipiga kwa ngumi. "Asante, Mkaguzi. Asante, Mkaguzi." Sijali akamshika mkono, akamwambia basi, mdogo wangu, basi, utajiumiza.

4

Yusta alimwekea Kyando sinia juu ya meza yake, juu ya makaratasi. Sijali alibaki mlangoni.

"Haya yametoka kwenye mkanda leo. Yana sumukuvu. Zuia treni."

"Jicho limeyapitisha," alisema Kyando.

"Jicho limepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Weka punje kwenye maji ya moto uone nta ikielea."

"Dada Yusta, kaa chini. Kaa." Hakukaa. "Sikiliza. Ili treni isimame, lazima iwepo taarifa ya mkaguzi. Taarifa ikiwepo, wakaguzi wa serikali watakuja leo hii, na kitu cha kwanza watauliza ni umetumia meza ipi. Watainama chini ya Meza ya Nne. Unajua watakachokikuta. Leseni inakwenda, Nafasi zote thelathini na mbili zinafutwa. Mzee Mligo wa lango la pili, anayehesabu malori yaliyokwisha kuhesabiwa, ana figo moja. Unamjua. Na wewe, Jumatatu ni siku tatu tu kutoka leo."

"Na wanafunzi?"

"Una uhakika?"

Swali lile lilimpata. Kyando aliliuliza polepole, na halikuwa la hila.

"Vidole vyako viwili vimekufa, na leo kuna baridi. Miezi kumi na moja hujagusa mahindi mengine isipokuwa gunia moja. Kama umekosea, umewanyima dawa watu thelathini na mmoja, na wewe mwenyewe, na umewanyima chakula watoto wenye njaa. Una uhakika kiasi hicho?"

Yusta alisimama pale akijichukia. Alichukia kwamba hakuwa na uhakika kamili, na hakuna mkaguzi aliye nao. Alichukia kwamba Jicho halikuwahi kuulizwa swali hilo. Aliwaza mikono yake ikifungwa yote, vidole vinane vikifuata vile viwili, na kijiko cha uji kikishikwa na mtu mwingine maisha yote. Aliwaza hilo kwa makini kabisa, na aliogopa.

Kisha akasogeza sinia mbele kwa kiganja.

"Bwana Kyando, kwenu ni wapi?"

"Unakujua. Igwachanya."

"Baba yako alikuwa akileta mahindi kwenye mashine ya mama yangu. Mzee Kyando, mwenye kikohozi. Alikuwa hasubiri kuambiwa." Akagonga ukingo wa sinia kwa kidole. "Chota kutoka chini. Tafuna."

Saa ya ukutani ilitaja saa tano kasoro robo. Yusta alisikia mkono ukiingia kwenye mahindi, ukitafuta chini, ukitoka. Halafu hakusikia chochote kwa muda ambao foleni nzima ingekuwa imeshaanza kuguna.

"Mimi si mfanyabiashara wa haya mahindi," alisema Kyando.

"Anaanza kueleza," alisema Sijali kutoka mlangoni, kama anayejisemea.

Punje zikapasuka menoni. Mara moja, mara mbili. Kisha kiti kikasukumwa nyuma kwa kishindo na Kyando akatemea kwenye pipa la takataka, akatema tena, akasukutua kwa maji ya chupa, akatema.

Yusta alingoja. Kwa sekunde chache hata alifurahi, kwa sababu sasa walikuwa wawili wanaojua.

"Sijaonja kitu," Kyando alisema mwishowe. Ilikuwa sauti ya mtu anayeumwa. "Umenisikia, dada yangu? Treni inaondoka saa sita, na mimi sijaonja kitu. Nakuombea wewe kuliko ninavyojiombea. Rudi mezani."

5

Kutoka ofisi ya Kyando hadi kwenye mkanda mkubwa ni hatua mia mbili na kumi. Yusta alizihesabu siku ya kwanza ya kazi, alipodhani zitamfaa. Alitembea ameshika kiwiko cha Sijali, na kandambili zililia njia nzima.

"Unafikiri nini?" Sijali aliuliza.

"Nafikiri ningekuwa nimelala nyumbani."

"Kadi yangu na yenyewe itakwenda, ujue. Sinia lako ndilo kazi yangu."

Yusta akasimama. Hilo hakuwa amelifikiria, na aliona aibu. "Basi niache hapa. Nitapapasa. Sema hukuniona."

"Na mashine inayonguruma hivi nikuache upapase, uje ukatike mkono? Twende. Ningekuwa mtu wa kufikiria sana ningeolewa vizuri."

Mkanda ulivuma mbele yao, mpana kama barabara, na vumbi la mahindi likamjaa Yusta puani. Juu yake Jicho lilitoa mlio mwembamba usiokatika. Kando ya mkanda, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilipita kamba moja nene. Sijali alimwambia ni nyekundu. Kila ghala lilikuwa nayo kwa sheria ya zamani kuliko Sheria ya Nafasi: mkaguzi aliyesajiliwa akiivuta, kila kitu husimama. Kwa miaka mingi hapakuwa na mkaguzi wa kuivuta, ikabaki kutundikiwa makoti.

Sijali aliondoa koti la mtu, akauweka mkono wa Yusta juu ya kamba.

Yusta hakuivuta mara moja. Alikuwa anafikiria Jumatatu: kiti cha plastiki cha zahanati, pamba yenye spiriti, sindano. Alikuwa anamfikiria Mzee Mligo na malori yake. Hakuna aliyempa haki ya kumwamulia mzee yule, na hakuna aliyempa Kyando haki ya kuwaamulia watoto wa shule. Hasira ikampanda upya, si kwa Kyando tu. Ilikuwa hasira kwa dunia iliyompa kitufe kimoja cha kweli maishani na kukifunga kwenye maisha ya watu wengine.

Akavuta.

Hakuna kilichosimama. Juu ya kichwa chake sauti ikasema, nayo haikuwa ile tamu ya mezani. Ilikuwa sauti kavu ya mashine isiyojua kubembeleza.

"Taja jina na daraja. Weka dole gumba."

Sijali akamwongoza mkono hadi kwenye kioo kidogo baridi.

"Yusta Ngailo. Mkaguzi Daraja la Pili. Meza ya Nne."

Yusta akakumbuka maneno ya Kyando, jina lako nimeliingiza mpaka kwenye Jicho lenyewe, na akaona jinsi uongo wa watu waangalifu unavyokamilishwa kila mahali hadi unakosa tofauti na ukweli.

"Umetambuliwa," ilisema sauti. "Mkanda unasimama. Treni imearifiwa."

Mvumo ule aliouzoea miezi kumi na moja, hata akadhani ni kimya cha pale, ukashuka, ukashuka, ukaisha. Punje za mwisho zilidondoka moja moja. Kutoka kila upande watu wakaanza kuulizana kuna nini. Yusta alisikia hatua za Kyando zikija mbio, kisha zikipunguza mwendo, kisha zikisimama mahali, mbali kidogo. Hakuja karibu.

"Taja sababu," mashine ilisema.

Alikuwa ametunga taarifa kama hii kichwani mara nyingi, nyakati za usiku alipokuwa akisomea stashahada, na baadaye akabaki akiitunga bila sababu. Aliisema polepole. Utelezi wa ganda, harufu ya nta, kiini laini kisichokatika, uchungu unaoenea ulimini, kipimo cha maji ya moto cha kuthibitisha. Alisema pia kwamba alichukua sampuli moja tu, kwamba vidole vyake viwili havifanyi kazi, kwamba anaweza kuwa amekosea katika baadhi ya mabehewa, na kwamba kwa sababu hiyo yote kumi na manne yakaguliwe kwa mkono moja baada ya jingine. Akamaliza kwa kutaja waya wa Meza ya Nne ulivyofungwa, kwa kuwa taarifa inayoficha jambo si taarifa.

Mashine haikusema asante.

"Taarifa imepokelewa. Wakaguzi watafika saa kumi alasiri. Hadi watakapofika, mabehewa yako chini ya mkaguzi aliyepo."

Yusta aligeuza kichwa kushoto na kulia, kana kwamba kuna mwingine. Ugonjwa wake ulimruhusu saa tatu za kazi ya mikono kwa siku, na moja ilikwisha kutumika. Vidole vilikuwa vimeanza kuuma. Jumatatu ilikuwa mbele yake ikimngoja na hakujua ingemkuta na kadi au bila kadi.

Akakunja mikono ya sweta lake lisilo na kifungo cha mwisho.

"Dada Sijali, tuanze na behewa la kwanza. Chota kutoka chini."

Kandambili zikaondoka zikilia. Nyuma yake, baada ya kitambo, akasikia mtu akivua koti, akilitundika kwenye kamba, na sauti ya Kyando, ya chini, ikimwuliza Sijali maji ya moto yako wapi.